Mbavu za Nyangumi

Rengganis aliingia bustanini kwa lango la nyuma, peke yake, mwavuli ameuinamisha mpaka puani kama mtu anayekwenda kuiba. Danang alikuwa ameagizwa aingie kwa lango kuu, naye peke yake, wakutane ndani ya makumbusho ya wanyama, mbele ya kifaru. Mpango huo ni wake Rengganis, na uliomnyima usingizi ni huo huo. Kwa maana aliyezaliwa Bogor hahitaji kuambiwa: wachumba wakiingia pamoja katika ile bustani kubwa, na hasa wakivuka pamoja lile daraja jekundu linaloning'inia juu ya mto, harusi hawaioni. Wataachana tu, hata kama kadi zimeshagawiwa.

Rengganis alikuwa mfamasia, mtu wa mizani na vipimo. Dukani kwake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwacheka wasichana walioogopa daraja. Lakini hao aliowacheka walikuwa na wachumba wao. Huyu Danang alikuwa wake, alimpenda kweli, na hakuwa tayari kumfanyia majaribio.

Akamkuta amesimama mbele ya kifaru aliyekaushwa, shati lake la batiki limelowa mabegani, mkononi ana kikapu. Kifaru alikuwa amechoka, ngozi imepasuka shingoni, jicho la kioo limeelekea upande wake. Danang alipomwona, uso wote ukamfunguka. Rengganis akaikumbuka siku ile ya kwanza ndani ya treni ya Jakarta, Danang alipomwachia kiti kisha akasahau kushuka kituo chake.

"Neng," Danang alisema, akimwita binti kwa Kisunda, lugha ya kwao Rengganis, huku akipiga hatua kumwendea.

"Mas, ngoja." Hivyo ndivyo alivyomwita, kaka kwa Kijawa. "Usinikaribie hivyo."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Watu wanatazama."

Watu wenyewe walikuwa mama mmoja na watoto wake, nao walikuwa wanamtazama chatu ndani ya chupa. Danang akageuza shingo, akawaona, akarudisha macho kwa Rengganis.

Wakaanza kutembea chumba hata chumba. Rengganis alihakikisha kila mara kuna kabati la vioo kati yao. Danang akipita upande wa ndege wa paradiso, yeye anapita upande wa bundi. Danang akizunguka amfuate kwenye vipepeo, yeye ameshahamia kwa kaa wakubwa wenye miguu mirefu kama fito. Ungedhani wanacheza mchezo wa kujificha, isipokuwa hakuna aliyekuwa akicheka. Mvua ya alasiri ikaanza kupiga bati, na harufu ya dawa ya kukaushia wanyama ikapanda puani.

Kwenye kabati la hondohondo, Danang akasimama. Akainama mpaka macho yake yakaonekana kati ya midomo mikubwa ya wale ndege, akamtazama Rengganis kupitia kioo. Rengganis akashindwa kuyakwepa macho yale. Alitaka kuweka kiganja pale kwenye kioo, na kiganja kikakataa kuinuka.

"Unanionea haya?" Danang aliuliza.

"Mas!"

"Jibu tu. Lango lako, lango langu. Mwavuli mpaka puani. Nikija huku, unakwenda kule. Mwaka mzima napanda treni kutoka Jakarta kila wikiendi, nakaa kwenye kile kibanda cha supu mtaani kwenu kwa sababu nyumbani sikaribishwi. Sijalalamika. Lakini leo, Neng? Leo hii?"

"Si haya."

"Ni nini basi? Ni kwa sababu mimi Mjawa? Na wewe sasa umeanza ya mama yako?"

Neno lile lilimchoma. Mama yake, Bi Entin, alikuwa ameimba wimbo huo tangu siku alipolisikia jina la Danang. Msunda haolewi na Mjawa. Mjawa anasema ndiyo huku moyoni anasema siyo. Mjawa anatia sukari hata kwenye mboga. Rengganis aligombana naye mpaka sauti zikawakauka wote wawili. Kisha juma hili, ghafla, Bi Entin akanyamaza. Akawa mpole kama maji ya mtungi. Akawa anauliza hata afya ya Danang.

"Usimtaje mama yangu," alisema. "Ameshalegea, wewe mwenyewe unajua. Tusimchokoze."

"Simchokozi. Namshukuru!" Danang alizunguka kabati, na safari hii Rengganis hakuwahi kukimbia. "Ndiyo maana nashangaa. Mama mtu ameshakubali, mtoto ndiyo kwanza anajificha."

"Amekubali nini?"

Danang akatabasamu kwa aibu kidogo, akainua kikapu. "Sikutaka kukwambia mapema. Alinipigia simu, Alhamisi. Mimi nikadhani ananitukana, nikakaa vizuri kabisa nitukanwe. Kumbe! 'Nak Danang,' akaniita. Mwanangu, Neng! Akasema, kama unaondoka Jumatatu kwenda kufundisha kisiwani Tarakan, basi usiondoke bila kuzungumza na mwanangu. Mpeleke makumbusho ya bustanini, anapenda wanyama tangu utoto. Mchumbie hapo. Leo asubuhi nikapita mlangoni kwenu, wewe umekwenda kazini, akanipa hiki. Wali wa kufunga kwenye jani la mgomba, samaki wa chumvi, pilipili ya kutwanga. Kaufunga kwa mkono wake."

Rengganis akakitazama kile kikapu. Mafundo ya mama yake yalikuwa palepale, yamekazwa vizuri.

"Ni yeye aliyesema hapa? Mamah alisema tuje *hapa*?"

"Ndiyo. Mimi ningejuaje pa kwenda Bogor? Mimi najua stesheni na kibanda cha supu."

"Akasema nini tena?"

"Akasema tukimaliza tutoke pamoja, tupite daraja jekundu. Akalirudia mara mbili, nisije nikasahau. Mandhari ni mazuri, alisema." Tabasamu lilianza kumpungua. "Neng? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Rengganis alishika ukingo wa kabati. Ilibidi amweleze, na alimweleza akitazama chini, maneno yakitoka kwa kukwama. Kwamba wachumba hawaji hapa. Kwamba daraja lile ndilo baya kuliko yote. Kwamba dada yake, Teh Imas, alilivuka na mchumba wake wakicheka na kupiga picha, na kabla ya mwezi kwisha yule kijana alikatisha uchumba kwa ujumbe wa simu, sare za harusi zimeshashonwa. Teh Imas akahamia Bandung, na hadi leo harusi za watu haendi. Kwamba watoto wa Bogor wanayajua haya kabla hawajajua kusoma.

"Ndiyo maana nilikwambia malango mawili," alimalizia. "Wenyewe wanasema mkiingia mbalimbali haihesabiki. Uliponiambia makumbusho nilitaka kukataa. Lakini niliona ulivyofurahi, nikasema nitafute njia."

Danang akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyesikia jambo la kitoto, na kikamfia mdomoni. Akakitazama kikapu, akamtazama Rengganis, akakitazama tena.

"Kwa hiyo hakunikubali."

"Mas..."

"Alikuwa anajua mimi sijui. Akaniita mwanangu ili nije kuachwa na mtoto wake kwa miguu yangu mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilimtisha Rengganis kuliko kama angepiga kelele. "Na wali akanifungia. Mimi nimekaa mwaka mzima nasubiri yule mama anipe hata glasi ya maji, Neng. Leo kanipa wali, nikampigia mama yangu Klaten kumwambia. Mama yangu alilia."

Rengganis alitamani kifaru afufuke amkanyage. Hasira kwa mama yake, aibu mbele ya Danang, na hofu ile ya zamani ya daraja, vyote vilimjia kwa pamoja.

"Nisamehe."

"Wewe hujanikosea. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Unayaamini haya?"

Angesema hapana, mambo yangeishia hapo. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini alimwona Teh Imas amekaa sakafuni na zile sare za kijani zimemzunguka, na mdomo wake ukawa mzito.

"Sijui," alisema.

"Hujui."

"Nilimwona dada yangu, Mas! Wewe hukumwona!"

"Jumatatu naondoka. Serikali imenipa shule Tarakan, hainipi nafasi ya kusubiri mpaka ujue. Huku kuna mama yako, kuna daraja lenu, kuna uso wangu wa Kijawa. Vyote hivyo naweza kupambana navyo ukiwa upande wangu. Peke yangu siwezi." Akakiweka kikapu juu ya benchi polepole. "Nilitaka kukuuliza mbele ya ile mifupa ya nyangumi. Pete ninayo mfukoni. Sasa sijui hata kama nina haki ya kuitoa."

Akatoka kwa mlango wa pembeni. Rengganis akabaki na hondohondo wake waliokauka. Alijiambia asimame hapo mpaka machozi yakome, lakini miguu ilikuwa imeshatangulia.

Mifupa ya nyangumi ilikuwa nje, chini ya banda refu lililo wazi pande zote, mvua ikiteremka kama pazia kuzunguka. Danang alikuwa amesimama karibu na mkia, mikono mfukoni. Aliposikia viatu vyake hakugeuka.

"Simama pale," alisema. "Katikati, chini ya mbavu. Nikupige picha."

"Ya nini?"

"Ya kwenda nayo. Kama ndiyo mwisho, basi niwe na kitu cha kutazama huko Tarakan. Mimi si mtu wa kuchana picha."

Yalimkata maneno yale. Akaenda akasimama alipoonyeshwa, mikono imemning'inia, macho mekundu, bila hata kujipangusa. Danang akainua simu, akaangalia muda mrefu kuliko picha inavyohitaji, akabonyeza. Kisha akaja kumwonyesha, kwa mazoea tu, kama walivyokuwa wakifanya siku zote, mabega yakigusana juu ya kioo kidogo.

Rengganis aliangalia sura yake iliyovimba, akataka kusema mbaya hiyo, ifute. Halafu akaona kilichokuwa juu ya kichwa chake.

Ulikuwa ubavu mmoja wa nyangumi. Katikati ulikuwa umewahi kuvunjika, ukaunganishwa kwa pete pana ya chuma, na chini ya pete hiyo mfupa umepinda kidogo kama kidole kilichoungwa vibaya. Ubavu ule aliujua. Aliujua tangu hajui kutembea.

"Mas, nipe hiyo simu. Ikuze hapo. Hapo juu!"

"Nini?"

"Kioo cha Mamah," Rengganis alisema. "Pembeni ya kioo chake chumbani kuna picha yake na baba yangu, Abah. Picha ndogo, imechujuka. Nyuma yao kuna kitu kama hiki, na hiyo pete. Alituambia wamepiga Pelabuhan Ratu, kwa mafundi wa boti, kwamba zile ni mbao za boti inayoundwa. Shuleni nililetwa hapa, nikapita hapa hapa, sikuwahi hata kuinua kichwa. Mas, kwenye ile picha amevaa sare nyeupe ya chuo cha uuguzi. Chuo alikiacha kabla hajaolewa."

Danang alimtazama. "Kwa hiyo walikuja hapa wakiwa wachumba?"

Rengganis alikuwa ameshatoa simu yake, amepiga nyumbani, ameweka sauti ya nje, na mkono wake wa pili ulikuwa umeshika mkono wa shati la Danang bila mwenyewe kujua.

"Haloo, Neng," ilikuja sauti ya Bi Entin, changamfu kupita kiasi. Nyuma yake televisheni ilikuwa ikiimba. "Mmeshakula?"

"Bado, Mamah."

"Kuleni, wali ukipoa unakuwa mgumu. Kunanyesha huko? Ikikatika mtoke, halafu mpite..."

"Darajani. Mas Danang ameniambia."

"Eh, ni pazuri pale."

"Mamah, ile picha yako na Abah, ya kwenye kioo. Mlipiga wapi?"

"Leo una nini na picha? Pelabuhan Ratu. Si nilishakwambia?"

"Nimesimama hapo hapo mlipokuwa mmesimama. Ubavu wenye pete ya chuma uko juu ya kichwa changu."

Televisheni ikazimwa. Mvua ikasikika pande zote mbili za simu.

"Nani amekupeleka kwa nyangumi?" Bi Entin aliuliza, sauti imemshuka.

"Wewe, Mamah."

Bi Entin akavuta pumzi, na alipoanza kusema alisema haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla haujamwangukia. "Abah yako alikuwa akinisubiri nje ya chuo. Tungekwenda wapi? Hapa hakuna mzee ambaye angetutafuta, wote walikuwa wanapaogopa. Daraja tulilivuka mpaka mbao zikatuzoea. Nyanya yako angejua angenichinja."

"Na mkakaa mpaka Abah akafia mikononi mwako. Na Teh Imas je? Miaka yote hii umemwacha alaumu daraja!"

"Ningemwambia nini?" Bi Entin alipandisha sauti. "Yule mwanaume alikuwa na mke Cianjur! Mke na mtoto! Mjomba wako ndiye aliyekwenda kuwaona. Ningemwambia mwanangu kwamba alikuwa anachezewa mchana kweupe? Aliporudi akilia kwamba ni daraja, nikasema ndiyo mwanangu, ni daraja. Daraja halimtii mtu aibu."

Rengganis alifumba macho. Alimwona tena dada yake na zile sare za kijani, na safari hii hakujua amwonee nani huruma zaidi.

"Haya. Na Mas Danang? Yeye ana mke wapi?"

"Hana. Niliuliza."

"Uliuliza?"

"Mpaka Klaten niliuliza. Ni kijana safi, ananiudhi kwa usafi wake." Sauti ya Bi Entin ikaanza kukatika. "Lakini Tarakan ni mbali, Neng. Abah yako yuko kaburini. Imas yuko Bandung, haji. Nimegombana na wewe, umeshindikana. Nimemsema Mjawa, hukusikia. Nilibaki na nini? Nikasema hebu na hilo daraja lifanye kazi mara moja, kwa ajili yangu. Ukienda wewe, mimi nitampikia nani?"

Hapo ndipo alipolia, na kilikuwa kilio cha mtu asiyezoea kusikiwa akilia. Rengganis akafungua mdomo, hasira yote iko pale pale, lakini haikupata pa kutokea. Danang ndiye aliyesogea karibu na simu.

"Ibu," aliita kwa heshima, kama mtu amwitavyo mama.

"Eh! Kumbe wewe nawe unasikiliza? Wajawa hamna adabu?"

"Samahani, Ibu. Leo sitamuuliza chochote mwanao. Nitakuja nyumbani kwako na wazazi wangu, kabla sijaondoka, tupose kama inavyotakiwa. Ukikataa, utakataa tukiwa tumekaa mbele yako."

"Klaten ni mbali, na kesho ni Jumapili. Watakujaje?"

"Mama yangu alishaanza kufunga mizigo asubuhi, Ibu. Nilimwambia umenipa wali."

Bi Entin akanyamaza. Rengganis akajikuta ameshika shati la Danang kwa mikono miwili.

"Unaahidi utamleta kila sikukuu?" Bi Entin aliuliza. "Hapana, usiahidi. Mkiahidi ninyi mnaahidi kwa heshima tu. Mwambie mama yako asije na vile vyakula vyake vya sukari, nina presha." Akavuta kamasi. "Neng. Bado uko hapo?"

"Nipo. Hasira haijaniisha, Mamah. Na Teh Imas lazima umwambie."

"Nitamwambia." Akasita. "Mvua ikikatika, piteni darajani."

"Mamah!"

"Sasa hivi nasema kwa moyo mmoja. Mimi na Abah yako tulipita huko. Piteni."

Simu ikakatika. Hawakutazamana kwanza. Rengganis akarudi ndani kukichukua kikapu, wakakifungua, wakala ule wali chini ya mbavu za nyangumi, na pilipili ilikuwa kali mpaka wote wawili wakapata kisingizio cha kufuta macho.

Mvua ilipopungua wakashuka mpaka mtoni. Daraja lilikuwa jekundu, dogo kuliko lilivyokuwa katika ndoto mbaya za Rengganis, na mbao zake zilikuwa zinang'aa kwa maji. Aliyesimama kwanza alikuwa Danang, yule yule aliyecheka.

"Una hakika?" aliuliza. "Kuna njia nyingine kule. Si lazima."

"Kumbe unaogopa?"

"Sijasema naogopa. Nimesema kuna njia nyingine."

Rengganis akacheka, kicheko chake cha kwanza siku ile. Hakuwa na uhakika wa kitu chochote duniani. Akafunga mwavuli, akanyoosha mkono, na Danang akaushika. Wakakanyaga ubao wa kwanza kwa pamoja, daraja likatikisika, akakaza vidole, na hakuviachia mpaka walipofika ng'ambo.

Hapo simu ikalia mkobani. Ulikuwa ujumbe wa Bi Entin.

"Mmeshavuka?"

"Tumeshavuka, Mamah," aliandika.

Jibu lilikuja kabla hajairudisha simu mkobani. "Basi njooni. Nimebandika wali wa watu watatu."